Kufuli la kitabu cha kidijitali: nani afungiwe, nani aachiwe

Maswali ya mwezi huu yametoka Lamu na Malindi, karibu yote kuhusu vitabu vya kidijitali: kuviuza, kuviazima na kufuli zinazotiwa ndani yake ili visifunguliwe wala kunakiliwa ovyo. Waliotuuliza namna ya kuvunja kufuli la kitabu cha maktaba wajue kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza, kwa hiyo tumeyaweka kando maswali yao.

Nimeandika kitabu cha kurasa 140 kuhusu ujenzi wa majahazi, chenye michoro mingi. Nataka wateja walipe kwa M-Pesa kisha niwatumie PDF kwa WhatsApp. Jamaa wanasema nitie nywila kisisambae. Yatosha? — Mwandishi, Langoni, Lamu

Haitoshi. PDF ina nywila za aina mbili. Ya kwanza huzuia kufungua faili. Hiyo ni imara ikiwa ndefu, lakini lazima umpe mnunuzi, naye akitaka kumtumia rafiki yake atatuma faili na nywila katika ujumbe mmoja. Ya pili huruhusu kufungua na kusoma, ila hukataza kunakili na kuchapa. Hii ya pili ni ombi tu. Programu yenye adabu hutii, isiyo na adabu hupita, na za kuiondoa zimejaa mtandaoni bila malipo.

Kwa kitabu cha kuuza, ushauri wetu ni chapa ya mnunuzi badala ya kufuli. Kila anayelipa hupata nakala yake, imeandikwa ndani jina lake, namba ya risiti na tarehe. Hazuiwi kusoma popote wala kuhamisha kitabu kwenda simu mpya. Anachozuiwa ni kujificha. Kampuni ya Tor ya Marekani, inayochapisha riwaya za kubuni za kisayansi, iliondoa kufuli kwenye vitabu vyake mwaka 2012, na mwaka uliofuata Tor ya Uingereza ikatangaza kwamba haikuona wizi ukiongezeka kwa namna ya kuonekana.

Kama wateja ni wachache kwa wiki, fanya kwa mkono. Fungua kitabu katika LibreOffice Writer, andika chapa chini ya ukurasa ili ijirudie kitabu kizima, toa PDF, ipe faili jina lenye namba ya risiti, kisha ingiza kwenye daftari: risiti, jina, tarehe. Wateja wakizidi, tovuti ya Payhip hupiga chapa kwenye PDF yenyewe, na kwa EPUB, muundo mwingine wa faili za vitabu, iko huduma ya BooXtream ya Uholanzi, ambayo pia hutia alama zisizoonekana kwa macho.

Wengi huharibu hapa: chapa huwekwa ukurasa wa jina peke yake. Kitabu chako kitaibiwa michoro kabla ya maneno. Mtu atapiga picha mchoro wa mkuku na mataruma, aukate kingo, autume. Basi weka namba ya risiti ndani ya mchoro wenyewe, kwa herufi ndogo za kijivu, pahali ambapo kuikata ni kuukata mchoro. Namba ya simu ya mteja usiiweke nzima, maana ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tarakimu tatu za mwisho zatosha. Na mwambie mteja kabla hajalipa kwamba nakala itakuwa na jina lake. Akijua mapema, huwa mwangalifu bila kuambiwa mara ya pili.

Ukitaka pia kuuza Amazon kupitia KDP, huduma yake ya waandishi kujichapishia, utaulizwa kama unataka kufuli, jibu hapana. Hapo hapo angalia sana kisanduku cha KDP Select. Ukikikubali, toleo la kidijitali linafungwa kwa Amazon kwa siku 90, na kuliuza kwa WhatsApp ndani ya siku hizo ni kuvunja mkataba. Nakala za karatasi hazimo katika kifungo hicho.

Nilinunua kitabu mtandaoni nikakipakua saiba. Faili inaishia na .acsm, uzito wake KB 2 tu. Nyumbani inakataa na kuandika E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER. Nimetapeliwa? — Msomaji, Malindi mjini

Hukutapeliwa, ila kitabu kimeandikishwa kwa mtu mwingine. Faili ya .acsm haina kitabu ndani. Ni hati ya kuchukulia kitabu. Ukiibofya, Adobe Digital Editions, programu ya kusomea vitabu vyenye kufuli la Adobe, huipeleka kwenye seva ya muuzaji, huleta kitabu na kukifunga kwa kitambulisho (akaunti) cha Adobe kilichomo ndani ya kompyuta ile. Saiba, kitambulisho hicho ni cha mwenye duka au cha mteja aliyekutangulia. Ulipobofya pale, hati ikatumika kwa jina lake, nayo haitumiki kwa mtu wa pili.

Liandikie duka ukitaja namba ya oda na maneno ya kosa kama yalivyo. Waombe waifungue upya leseni. Wao wanaweza, Adobe hawatakusaidia kwa kuwa hawakukuuzia wao.

Siku nyingine chukua .acsm kwenye flashi bila kuibofya, ukaifungulie nyumbani. Ikibidi kuifungua saiba, nenda kwanza menyu ya Help, Authorize Computer, ingia kwa kitambulisho chako. Kitabu kitashuka kwenye folda ya My Digital Editions ndani ya Documents. Kinakili kwenye flashi. Kabla hujaondoka rudi Help, uchague Erase Authorization, usije ukamwachia mtu kitambulisho chako. Nyumbani kitafunguka kwa kitambulisho kile kile, ambacho huruhusiwa kompyuta 6. Usikubali chaguo la kuidhinisha bila kitambulisho hata likionekana jepesi: kitabu husomeka kwenye mashine hiyo peke yake, na diski ikifutwa hakirudi.

Nimeazima kitabu leo hii, lakini kompyuta inasema E_ADEPT_REQUEST_EXPIRED. — Mwanafunzi, Shela, Lamu

Tazama tarehe pembeni ya skrini. Kama kompyuta ya mezani imekaa imezimwa kisha ikaamka ikidhani ni mwaka 2015, seva ya kufuli haielewani nayo. Rekebisha siku, saa na majira ya Nairobi, pakua hati mpya kutoka maktabani, ufungue tena. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mkuu imekufa. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, bapa kama sarafu, hung'olewa kwa kucha. Ukiitoa angalia vishikio vyake. Hewa ya bahari huvivalisha kutu ya kijani, na betri mpya juu ya kutu haitafanya kazi. Kwangua kidogo kwanza.

Kama saa ni sahihi, basi hati yenyewe imekaa muda mrefu kabla ya kufunguliwa. Pakua nyingine.

Shule yetu ilinunua kitabu kimoja cha kidijitali kwa akaunti ya mwalimu. Twaweza kuwaazima wanafunzi kama vile vya rafuni? Na je, tukikiskani kitabu cha karatasi tulicho nacho tukakiazimisha kwa zamu? — Mwalimu wa maktaba, Barani, Malindi

Mwalimu, kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako. Waazime kadiri kitakavyodumu. Cha kidijitali, mara nyingi ulichonunua ni leseni ya kusoma, na masharti ya akaunti ya kawaida humruhusu mwenye akaunti tu. Kumpa mwanafunzi nywila ya akaunti si kuazimisha.

Kuhusu kuskani, huko Marekani Internet Archive ilijaribu njia hiyo: nakala moja ya karatasi imewekwa, nakala moja ya skani imeazimwa. Wachapishaji wanne wakaishtaki mwaka 2020. Ikashindwa Machi 2023, na rufaa ikaanguka Septemba 2024. Hukumu ya New York haiifungi mahakama ya Kenya, lakini hatungemshauri mwalimu yeyote ajenge maktaba juu ya hoja hiyo.

Kilicho halali ni leseni ya maktaba, na hapo ndipo penye hesabu. Ziko aina kadhaa. Iliyozoeleka ni nakala moja kwa msomaji mmoja: mmoja akiwa nayo, wengine wanapanga foleni, kama karatasi. Juu ya hiyo huwekwa kikomo. HarperCollins mwaka 2011 waliweka mara 26, kisha maktaba inunue tena. Namba hiyo ni mwaka mzima wa kuazima wiki mbili mbili bila kupumzika. Wachapishaji wengine wakubwa huuza leseni ya miaka 2 hata kama hakuna aliyekigusa kitabu.

Kwa shule tofauti hii ni kubwa. Chukua mfano: leseni ya miaka 2 kwa Sh 4,000, na leseni ya mara 26 kwa Sh 3,000. Mwaka wa shule tuuhesabu wiki 39, kwa sababu likizo kitabu hulala. Kwa kuazima wiki mbili, leseni ya miaka 2 haiwezi kuzidi mara 39, yaani kama Sh 103 kwa kila mara, na hiyo ni kama hakuna hata siku moja kilipokaa bure. Wakikiomba wanafunzi 12 tu kwa mwaka, ni mara 24, na kila mara imekuwa Sh 167. Leseni ya mara 26 ni Sh 115, na likizo haikupunguzii kitu. Kwa hiyo riwaya ya kusomwa polepole, tafuta leseni ya kuhesabu mara. Leseni ya muda ifae kitabu kisichokauka mikononi.

Vitabu vya marudio ni habari nyingine. Oktoba kidato cha nne chote kinakitaka kimoja, na foleni ya wiki mbili itamfikia wa mwisho mtihani umekwisha. Hapo omba leseni ya wasomaji wengi kwa pamoja, hata ya muhula mmoja. Ukikosa, punguza siku za kuazima hadi 3. Mifumo mingi humwachia mkutubi kuamua.

Kabla ya kutia saini uliza mambo haya, ujibiwe kwa maandishi: kikomo ni cha muda au cha mara; mwanafunzi akirudisha mapema, mara yake huhesabiwa nzima (kwa kawaida ndiyo); kampuni ya jukwaa la kuazimishia ikifungwa, leseni zilizobaki zinahamia wapi. Swali la mwisho wauzaji hawalipendi, lakini liulize tu.

Tuna maktaba ndogo ya mtaa. Waandishi watano wa hapa wametukubalia tuazimishe vitabu vyao vya kidijitali. Wasomaji wetu wengine wako Faza na Kizingitini, mtandao huja na kupotea. Tutie kufuli gani? — Kikundi cha maktaba, Mkomani, Lamu

Huyu wa majahazi tulimwambia asitie kufuli, ninyi tunawaambia huenda mkalihitaji. Kuuza hakuna siku ya kurudisha. Kuazima kunayo, na faili hairudi yenyewe bila kitu kinachoifunga.

Kwa hali yenu kufuli linalofaa ni Readium LCP, linalosimamiwa na EDRLab ya Paris. Halihitaji kitambulisho cha kampuni ya nje. Msomaji hupewa faili ndogo ya leseni, .lcpl, na neno la siri. Akiifungua kwa Thorium, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux, kitabu hushuka, anaandika neno la siri mara moja, kisha husoma bila mtandao mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa ndani ya leseni. Boti ikishang'oa, hahitaji bando tena. Kitabu cha maneno matupu huwa MB chache tu, kwa hiyo apakue gatini Lamu kabla hajapanda.

Kurudisha mapema na kuongeza siku ndiko kunakohitaji mtandao, kwa sababu seva lazima iambiwe. Aliye Kizingitini bila mtandao, hata akimaliza kitabu kwa siku mbili, nakala itahesabiwa iko kwake mpaka tarehe ifike. Msiweke siku 30. Wekeni 14, na kwa kila kitabu mwombe mwandishi ruhusa ya nakala tatu kwa wakati mmoja badala ya moja.

Neno la siri ndilo litakalowasumbua kuliko yote. Simu na kompyuta nyingine hukuza herufi ya kwanza zenyewe, au huacha nafasi mwishoni msomaji anapobandika, na kufuli halisamehi. Chagueni maneno mawili ya kawaida, herufi ndogo zote, bila alama. Msitumie namba ya kitambulisho cha taifa. Leseni ina sehemu ya kidokezo. Andikeni kitu kama "neno lililo nyuma ya kadi yako". Leseni pia hupanga kurasa za kuchapa na idadi ya herufi za kunakili. Msiweke sifuri. Mwanafunzi anayenukuu aya moja hana kosa, na ukimzuia ataichapa upya kwa mkono huku akiwalaani.

Sasa gharama. Programu ya seva ya LCP iko wazi na mtu anayejua kuendesha seva ataisimamisha, ila kuitumia kwa kazi halisi kunahitaji mkataba na cheti kutoka EDRLab. Kwa vitabu vitano, hatuoni kwamba inalipa. Tafuteni jukwaa ambalo tayari lina LCP mkaingie chini yake. Au anzeni na njia ya bei ndogo zaidi: tableti tatu nne zisomwe papo hapo maktabani, vitabu vimewekwa ndani bila kufuli, barua pepe na Bluetooth vimezimwa. Hapo anayelinda ni mkutubi aliye mlangoni, wala hahitaji cheti.

Kwa vyovyote andikeni karatasi ya ukurasa mmoja na kila mwandishi: nakala ngapi kwa wakati, siku ngapi, ruhusa inaisha lini, na akitaka kukiondoa kitabu atoe notisi ya siku 30. Ruhusa ya mdomo barazani ni nzuri mpaka mwandishi afariki na warithi waulize.

Mimi sioni. Vitabu vingi nikifungua, programu yangu ya kusoma skrini inanyamaza. Ni kufuli? — Mwalimu, Malindi

Mara nyingine ni kufuli, mara nyingi zaidi si kufuli. Kama ni PDF iliyoskaniwa, ndani yake mna picha za kurasa tu, hamna maandishi ya kusomwa kwa sauti. Jaribu kutafuta neno ndani yake. Kama halipatikani hata moja, ni picha.

Vitabu vyenye kufuli la LCP ukivifungulia Thorium pamoja na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, husomeka, kwa sababu kufuli hilo halikukusudiwa kuzuia usomaji wa sauti. Kufuli za zamani zilimwachia mchapishaji uwezo wa kuzima sauti, na baadhi walizima. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu taasisi zilizokubaliwa kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kuomba ruhusa kwa kila kitabu. Iombe taasisi unayohudumiwa nayo ikutengenezee, ukitaja mkataba huo kwa jina. Na wachapishaji wanaosoma safu hii: toeni EPUB yenye maandishi halisi, vichwa vya sura vilivyopangwa kama vichwa, na maelezo mafupi kwa kila picha.

Kitabu nilichonunua chaweza kutoweka? — Msomaji, Watamu

Chaweza. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu ndani ya Kindle za wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo; wakarudishiwa pesa na kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vyote vikaacha kufunguka, pesa zikarudishwa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya.

Kujua kama chako kimefungwa: nakili EPUB, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ifungue, uangalie folda ya META-INF. Ukiona rights.xml, ni kufuli la Adobe. Ukiona license.lcpl, ni LCP. Ukiona encryption.xml peke yake usihukumu, huenda ni fonti tu zilizofichwa. Kisicho na kufuli kihifadhi mahali pawili.

Kitabu changu kiko ndani ya kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Nifanye nini? — Mwandishi, Malindi

Kabla ya hasira, ipate nakala ile uisome namba ya risiti kama ulipiga chapa. Mwenye nakala huenda hakuituma yeye. Simu hupotea, watoto hushika. Zungumza naye kwanza, kisha na msimamizi wa kundi aifute kwa wote. Wengi huona haya na huishia hapo.

Kikiwa kimepandishwa kwenye tovuti, marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yanakupa notisi ya kuondoa. Huandikwa na kutiwa saini, hutaja kazi yako, anwani kamili ya ukurasa, na huambatana na kiapo au tamko kwamba wewe ndiye mwenye haki na umejaribu kumfikia aliyeweka. Huenda kwa mtoa huduma ya intaneti, naye ana saa 48 za kazi kuchukua hatua. Cheti cha usajili wa kazi kutoka KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si sharti la kuwa na haki, lakini kiapo kilichoambatanishwa nacho hujibiwa bila mabishano mengi, kwa hiyo sajili kitabu kabla hujakiuza nakala ya kwanza.